Chupa ya Desideri Kihwele

Naapa kwa kaburi langu mwenyewe kwamba habari hii haina neno hata moja la uongo. Wanaonifahamu wataanza kukohoa hapo hapo. Wakohoe. Mimi, Yona Chidawali, fundi mstaafu wa majokofu, Mgogo wa Mpwapwa niliyehamia Iringa kwa kupenda baridi, niliwahi kueleza kwamba siku moja ndani ya chumba cha naitrojeni ya maji nilipiga chafya ikaganda hewani, ikaanguka sakafuni ikavunjika. Watu walicheka. Hilo nalo ni kweli. Kipande kimoja nilikiokota niwaonyeshe, kikayeyuka mfukoni.

Lakini habari yenyewe inamhusu Desideri Kihwele, Mhehe, mtani wangu, aliyekufa, akazikwa, halafu ofisi ya usajili ikakataa kwamba amekufa.

Siku ya mazishi nilitimiza kazi ya mtani. Kabla jeneza halijashushwa nilirukia kaburini nikalala chali, nikafumba macho.

"Nafasi imeshachukuliwa," nikawaambia. "Mhehe wenu mtafutieni pengine."

"Toka huko, Mgogo," akasema mmoja wa wachimbaji. "Hata kaburi mnaomba?"

"Siombi. Nimeshaingia. Na nyie mbona mbwa wote wa mtaa wamekuja msibani? Wamekuja kuhakikisha kwamba kweli kafa aliyekuwa anawala."

Watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mjane, Leokadia, alicheka huku machozi yakimtoka, na hapo ndipo kazi ya mtani inapoonekana. Akaagiza niletewe jogoo wa kunitoa kaburini. Nikapokea jogoo wangu, nikatoka na udongo mgongoni, Desideri akalazwa mahali pake.

*

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Leokadia ofisi ya usajili. Siku hizo hakukuwa na karani. Kulikuwa na dirisha lenye sauti ya kike, ya upole, kama ya mtu anayeuza bima. Leokadia akaweka kidole kwenye kioo.

"Pole kwa shughuli ya mazishi, mama," dirisha likasema. "Hata hivyo mume wako yupo hai."

"Nimemzika."

"Mwili wake mkuu umezikwa. Makazi yake ya sasa ni Maabara ya Koo, kabati la joto la pili. Afya yake ni njema. Anaongezeka."

Leokadia akanigeukia. "Mtani, huu nao ni utani wako?"

Nikamwambia sina uwezo wa kutania kupitia serikali.

"Je, yupo mtu wa kusimama mahali pake?" dirisha likauliza. "Atazipokea seli zake, nazo zitahesabiwa kwa jina la huyo aliyezipokea. Sheria inaruhusu mtoto, ndugu, au mtani."

Hawakujaliwa watoto, na ndugu wa Desideri walikuwa wametangulia. Leokadia akanitazama. Mimi nikatazama dari. Lilikuwa dari zuri, la mbao za Sao Hill.

"Hayupo," akasema Leokadia.

"Basi ataendelea kuishi kwa jina lake. Karibu tena."

Sheria hiyo ilitungwa kwa nia njema. Zamani maabara za dunia zilichukua seli za watu bila kuwaambia, zikazikuza, zikazisambaza, na familia hazikujua chochote. Bunge likaamua kwamba penye seli hai pana mtu. Hauzwi, hatupwi, hapewi jina la bandia. Jamaa zake wana haki ya kumtembelea, na wana haki ya kumpumzisha wakitaka. Jambo moja lilisahaulika: mtu akihesabiwa yupo hai, mke wake si mjane, na msiba wake hauishi.

Na msiba usipoisha, mtani hafagii majivu ya moto wa matanga. Majivu yasipofagiwa, mwanamke havui kitambaa cheusi. Akiwa na kitambaa cheusi, haimbi. Leokadia alikuwa anaongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia. Sasa alikaa benchi la nyuma amefunga mdomo, na wanawake wa sokoni wakaanza kumwita Mke wa Chupa.

*

Kila Alhamisi tulikwenda kumtembelea. Mimi nilikuwa na sababu zangu, kwa kuwa hata baada ya kustaafu walikuwa wananiita kurekebisha matangi yao ya baridi. Leokadia alipewa kigoda mbele ya kabati la joto. Dakta Nsia Ulomi, mkuu wa maabara, alifungua mlango wa kioo akamtolea chupa. Ilikuwa bapa, ya ukubwa wa kitabu cha sala, na ndani yake maji ya lishe.

"Kamwene, baba," Leokadia akaisalimu kwa Kihehe. Kisha kwa Dakta: "Leo amekuwa wa manjano."

"Amekula vizuri," akasema Dakta Nsia. "Maji tunayompa ni ya rangi ya waridi. Seli zikila zinatoa uchachu, maji yanageuka manjano. Kesho tunambadilishia."

"Nyumbani pia alikuwa hivyo. Ukimpikia, ndani ya nusu saa sufuria linaonyesha."

Dakta huyo alikuwa mwembamba, na alizungumza taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa. Alinieleza mambo mengi kwa miaka, na mengine nimeyasoma mwenyewe katika vitabu vilivyotupwa na chuo. Desideri alikufa kwa saratani ya tezi za koo, ile iletwayo na virusi vya papiloma. Karibu kila mtu hukutana na virusi hivyo ujanani, vikapita kama mgeni wa siku moja. Kwa wachache vinakaa. Vinatengeneza protini mbili: moja inamwondoa mlinzi ambaye huiamuru seli iliyoharibika ijiue, nyingine inakata breki ya kuzaana. Seli ikikosa mlinzi na breki, haizeeki.

Mtu angedhani basi seli kama hizo ni rahisi kukuza. Kumbe hapana. Ukizitoa kooni na kuzitia chupani, nyingi zinanuna na kufa, na zinazopona mara nyingi zinabadilika mpaka hazifanani tena na ugonjwa wenyewe. Dakta Nsia alikuwa amejaribu kwa wagonjwa wengi. Seli za Desideri peke yake ndizo zilizokubali kuishi na virusi vyao kama vilivyokuwa kooni. Ikawa nasaba ya seli, yaani ukoo usiokatika, kila kizazi kikifanana na cha kabla yake.

Kwa nasaba hiyo walitengeneza dawa iliyoitwa Tulizo. Ilikuwa inazinyamazisha zile protini mbili, mlinzi akarudi kazini, seli mbovu zikajimaliza zenyewe. Lakini Tulizo ilikuwa dawa ya kuoteshwa, kila mkupuo, yaani kila fungu lililooteshwa pamoja, na tabia zake. Kabla mkupuo wowote haujaingia kooni mwa mgonjwa, ulijaribiwa kwanza kwa Desideri. Akifa kidogo, dawa ni nzuri. Asipokufa, inamwagwa.

"Kwa hiyo mnamuua kila wiki," Leokadia aliwahi kusema.

"Sehemu yake, mama."

"Na wiki inayofuata yupo."

"Ndiyo."

Leokadia akaitazama chupa. Baadaye akasema, "Hata mimi."

*

Alhamisi moja baada ya masika hakukaa kwenye kigoda. Alisimama.

"Dakta, nataka mume wangu apumzishwe."

Dakta Nsia akairudisha chupa kabatini, akafunga mlango wa kioo kwa uangalifu. "Wote? Na akiba iliyogandishwa?"

"Wote."

"Naomba nikupitishe wodini kwanza, kwa wagonjwa wa koo."

"Wodini napita kila Alhamisi. Nawajua. Mwalimu Ponsiano tuliimba naye kwaya moja, na sasa ananipungia mkono kwa sababu koo halitoi neno. Usinionyeshe wagonjwa kama mtu anayeonyesha mtoto wa njaa. Nimewaona. Na wewe niangalie mimi."

Dakta akamwangalia.

"Mume wangu aliteseka na koo lile. Nikamwosha, nikamzika, nikalia. Nilimaliza. Halafu mkaniambia nianze upya kila Alhamisi. Mimi siyo mke, siyo mjane. Nikiulizwa hali ya mzee nyumbani sijui niseme nini. Nataka mtu mmoja tu mwenye mamlaka aniambie pole na asiongeze kitu mbele yake."

"Ni haki yako, mama," akasema Dakta Nsia. "Jumamosi tutafanya."

Leokadia alipotoka, Dakta alikaa kwenye kigoda kile. Nikamuuliza kama hakuna nasaba nyingine popote. Akasema zipo za watu wa mbali, lakini virusi vyao ni vya aina nyingine, na Tulizo haivitambui.

"Mkupuo mpya umefika jana," akasema. "Jumatatu ungeanza kutolewa."

"Bila kuujaribu?"

"Bila kuujaribu sitautoa."

"Na Mwalimu Ponsiano?"

Alitoa kitambaa akafuta kioo cha kabati, mahali ambapo Leokadia alikuwa anapenda kugusa.

Wasomaji watasema kwamba hapo ndipo penye swali kubwa. Mimi sikuliona kubwa. Nililiona kama jokofu bovu: watu wawili wana haki, umeme ni mmoja. Dakta hakuweza kudanganya, kwa kuwa ni dakta. Leokadia hakuweza kubadili neno, kwa kuwa ameshalisema. Mji mzima ulikuwa na mtu mmoja tu ambaye uongo ni wajibu wake msibani, na huyo alikuwa amesimama pale na bisibisi mkononi.

*

Ijumaa mchana nilikwenda kushughulikia tangi. Nikamwomba Dakta Nsia akanywe chai.

"Nimetoka kunywa sasa hivi," akasema.

"Kanywe tena."

Akanitazama usoni, kisha akatazama begi langu la vifaa. Akavua koti jeupe, akalitundika, akaenda kunywa chai. Alichelewa kurudi kuliko chai yoyote inavyohitaji.

Nyumbani nina mashine ya kutotolea vifaranga. Watu hawajui kwamba yai la kuku na koo la binadamu vinataka joto lile lile. Tofauti ni kwamba seli za kooni zinataka pia hewa ya kaboni kidogo, na maabarani inatoka kwenye mtungi. Mtungi sikuwa nao. Nilikuwa na ulanzi. Kila mkazi wa Iringa amewahi kuona pombe hiyo ya mianzi ikichemka yenyewe ndani ya chombo mpaka kizibo kinaruka. Kile kinachorusha kizibo ni kaboni hiyo hiyo. Nikaweka dumu la ulanzi mchanga ndani ya mashine, chupa ya Desideri katikati, mayai pembeni, nikafunika. Alipokuwa hai Desideri alipenda ulanzi kuliko ibada. Nilijua hatalalamika.

Mahali pa chupa yake kule maabarani niliacha chupa nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, yenye maji mapya ya lishe na isiyo na kiumbe yeyote ndani.

Jumamosi akiba iliyogandishwa iliyeyushwa mbele ya jicho la usajili, kamera ya ile ofisi ya dirisha, likathibitisha kwamba tangini hakuna tena uhai wa Kihwele. Dakta Nsia akatoa chupa kabatini, jicho likathibitisha kwamba kabatini nako hayumo tena. Akamkabidhi Leokadia kwa mikono miwili. Sikuweza kujua Dakta anajua nini. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka la Jumapili.

Kando ya kaburi Leokadia aliiinua chupa kwenye mwanga wa jua. Aliitazama muda mrefu.

"Leo amependeza," akasema.

"Ameoga," nikasema. "Kwa Mhehe ni tukio."

Alicheka kidogo, akaiweka kwenye kishimo, tukafukia. Nikaenda uani kwake nikafagia majivu ya matanga, nikadai jogoo wangu, nikapewa. Akavua kitambaa cheusi akakikunja mara nne. Chini yake nywele zilikuwa zimeota mvi ambazo hakuna mtu aliyeziona zikiingia.

Kesho yake, Jumapili, nilisimama nje ya kanisa karibu na dirisha. Sauti ya kwanza ilikuwa imerudi. Sitaisifu, maana nikisifu kitu watu wanapunguza nusu. Nitasema tu kwamba muuza karanga mlangoni aliacha kupima.

*

Jumatatu asubuhi Leokadia alikuja nyumbani kwangu na kikapu cha viazi.

"Mbukwa, mtani," akanisalimu kwa Kigogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipaswa kushtuka hapo.

"Kamwene. Karibu, kaa hapa nje, kuna kijua."

"Ndani kunanuka ulanzi."

"Ni dawa ya kifua."

"Na kunanguruma."

"Ni kifua chenyewe."

Akanipita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine, akafunua. Kati ya mayai, chupa ilikuwa imelala, maji yake yamekuwa manjano kama maji ya limau. Leokadia alipiga magoti. Hakuigusa.

"Kumbe umekula, baba," akaiambia.

Nikaanza kueleza kwamba hiyo ni chupa ya mafuta ya cherehani. Akanyanyua mkono, nikanyamaza.

"Mtani, nimekaa mbele ya chupa ile Alhamisi zote hizo. Chupa mliyonipa Jumamosi ilikuwa ya waridi mpaka kwenye pembe. Mume wangu hajawahi kulala siku nzima na chakula mbele yake bila kukigusa."

"Ulijua pale pale kaburini?"

"Pale pale."

"Ukafukia."

"Nilifukia. Nilikuwa na hasira, nikasema acha nione huyu Mgogo atafika wapi. Halafu ukafagia majivu, nikavua kitambaa, nikaenda kulala. Nikalala, mtani. Nililala kama mtoto. Jana nikaimba. Na wakati wote huo najua kwamba kishimoni hamna kitu na yeye yupo mahali fulani anakula." Akafunika mashine taratibu ili mayai yasipoe. "Kwa hiyo siyo seli zilizokuwa zinaninyima usingizi. Ni kuitwa kwa jina lake. Ni lile dirisha kusema Desideri Kihwele yupo hai, hali njema. Seli ni koo tu. Waendelee nalo, limsaidie Ponsiano. Jina lake naondoka nalo mimi."

"Dakta atafurahi," nikasema.

"Bado. Sheria inasema penye seli hai pana mtu; zikirudi kabatini atahesabiwa yupo hai tena. Anatakiwa mtu."

Nikatazama dari. La nyumbani kwangu halina mbao, ni bati.

"Usiangalie huko," akasema Leokadia. "Uliangalia juu ofisini, nikavaa kitambaa mpaka nikaota mvi. Halafu ukaniuzia maji matupu, nikakupa jogoo mzima. Mtani akikamatwa anafanya nini?"

"Analipa."

"Ulilala kaburini mwake ukasema nafasi imechukuliwa. Ulilala vibaya. Leo lala vizuri."

*

Tulianzia maabarani. Dakta Nsia aliipokea chupa, akaitia chini ya darubini, akakaa hapo huku sisi tumesimama. Virusi vipo, akasema mwishowe. Mlinzi hayupo, breki hazipo, kila kitu kama kilivyokuwa.

"Ila zinanuka pombe," akaongeza.

"Usizibadilishe," akasema Leokadia. "Ndivyo alivyokuwa."

Mkupuo mpya ulijaribiwa siku hiyo hiyo, na haukuwa mzuri. Ulimwagwa. Uliofuata ulifaa. Mwalimu Ponsiano amesharudi kwenye kwaya, anaimba chini kidogo ya alipokuwa zamani, na Leokadia anamkemea kama wengine wote.

Kisha tukaenda kwenye dirisha. Leokadia aliweka kidole.

"Yupo wa kusimama mahali pake," akasema.

Nikaweka cha kwangu.

"Yona Chidawali, mtani," likasoma dirisha. "Umepokelewa. Sasa una makazi mawili: nyumbani kwako, na kabati la joto la pili. Hali yako ni njema kote kuwili. Desideri Kihwele amefariki dunia. Pole, mama."

Leokadia alisubiri. Dirisha halikuongeza kitu.

"Asante," akasema.

Mimi nikauliza, "Na nikifa?"

"Kwa sasa hilo halitatokea," dirisha likanijibu kwa upole wake. "Utahamia."

Tangu hapo watani zangu wamepata kazi. Wananiuliza kama nimelala vizuri chupani. Wananiambia kwamba siku mwili huu ukichoka, hakuna atakayefagia majivu yangu, jamaa zangu watavaa nyeusi mpaka wafe wao, na mimi nitakuwa bado najaribiwa dawa kila wiki nikitoa uchachu. Alhamisi nakwenda kujitembelea. Nakaa kwenye kigoda, natazama rangi. Mara nyingi nimekula.

Kurasa hizi nilimpa Leokadia azisome kabla ya mtu mwingine. Alisoma mstari wa kwanza tu, akaweka kidole juu yake.

"Umeapa kwa kaburi lako."

"Kiapo kizito hicho."

"Kaburi lipi, mtani? Wewe si unahamia?"

Nikafikiri. Nilijaribu Mpwapwa, nikajaribu lile nililolala siku ya mazishi, akatikisa kichwa kwa yote mawili. Basi nikatoka uani kutafuta cha kulipa. Jogoo mkubwa kuliko wote alikuwa ni yule aliyetokana na mayai yaliyolala pembeni ya chupa. Nilimwambia Leokadia kwamba huyo hawiki kama wenzake, anaanzia sauti ya kwanza.

"Tutaona," akasema, na akanyoosha mikono.

Nikamfunga jogoo miguu, nikampa.